Lakeri ya kuchongwa ya China: anza na ubavu, picha itasubiri

Wengi wanaoanza kujifunza tihong, vyombo vya China vya lakeri nyekundu iliyochongwa nakshi, hukimbilia kutambua ua au joka. Hayo utayajua tu kadiri unavyoangalia. Umri na uhalisi wa chombo husomeka zaidi kwenye tabaka na alama za kisu. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 na tochi, kisha tafuta kwanza mahali palipobanduka, uone ubavu wa tabaka.

Lakeri ni utomvu wa mti, na wekundu wake hutokana na sinaba, madini ya zebaki. Hupakwa juu ya umbo, kwa kawaida la mbao, kila tabaka ikiwa nyembamba sana, na chombo kizuri hufikia tabaka 100 au zaidi. Hakuna njia ya mkato hapo: ukipaka nene, juu hukauka na kukunjamana huku chini pangali pabichi. Wala haianikwi juani. Huhitaji joto la wastani na unyevu wa hewa wa asilimia 70 hadi 80, kwa sababu kinachoigandisha ni kimeng'enya kilichomo ndani ya utomvu wenyewe. Fundi huchonga kabla haijawa ngumu kabisa.

Basi penye ufa au pengo, lakeri halisi huonyesha mistari myembamba iliyolaliana, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Mara nyingi utaona pia mstari mweusi karibu na chini, uliomwongoza mchongaji asipitilize kina. Bidhaa ya resini iliyomiminwa kwenye kalibu haina mistari hiyo. Ina viputo vidogo, pembe butu, na maua mawili yanayofanana hadi mkwaruzo. Usichome sindano ya moto kujaribu. Utaharibu chombo bila kupata jibu la uhakika.

Sasa nakshi. Katika mandhari ya enzi ya Ming (ukoo wa kifalme, 1368–1644), tazama usuli nyuma ya watu na miti, maana una aina tatu. Anga ni mistari mifupi ya mlalo yenye ncha zilizopinda. Maji ni mawimbi yaliyopangwa safu kwa safu. Ardhi ni miraba au maumbo ya almasi, kila moja na kiua ndani yake. Zichore kwa mkono wako, tena na tena, mpaka uzitofautishe bila kufikiri. Hapa ndipo waigaji wengi hujikwaa: ukikuta viua vya ardhi chini ya mashua, shuku.

Kila mfalme ana mtindo wa enzi yake. Kazi za Yongle (1403–1424) hupenda peoni, yungiyungi na komamanga juu ya usuli mtupu wa manjano, na kingo za petali zimesuguliwa mpaka zikawa laini. Ni uzuri wa utulivu ambao hatujauona ukizidiwa. Jiajing (1522–1566) huleta alama za Kidao, dini ya jadi ya China: korongo, pichi, herufi ya maisha marefu. Qianlong (1736–1795) huchonga kwa kina, nakshi imesongamana, na kingo huachwa kali.

Alama ya enzi iliyo chini ya chombo iache mwisho. Ya Yongle hukwaruzwa kwa sindano, nyembamba, upande wa kushoto wa kitako. Ya Xuande (1426–1435) huchongwa kwa kisu na kujazwa dhahabu. Ya sindano ni rahisi mno kuongezwa baadaye, na kuna vyombo vya Yongle vilivyopigwa alama ya Xuande juu ya ile ya kwanza.

Kuhusu utunzaji: mbao hukauka na kusinyaa, lakeri haifuati, ndiyo maana nyufa nyingi hunyooka kufuata nyuzi za mti. Weka unyevu kati ya asilimia 50 na 60 bila kupanda na kushuka, na mwanga usizidi luksi 50. Vumbi liondoe kwa brashi laini, bila maji, mafuta wala spiriti. Kipande kikidondoka, usikibandike kwa supa glu. Kitie kwenye bahasha, andika kilikotoka, umpelekee mhifadhi.