Risasi zinapanda mtutu ukipata moto

SWALI: Bunduki yangu ya wenzo (ile inayokokwa kwa mpini ulio chini yake) hulenga vizuri risasi mbili za mwanzo, kisha zinazofuata hupanda juu ya alama. Nimekaza skrubu za darubini bila mafanikio. Kosa liko wapi?

JIBU: Kama ikipoa inarudi palepale, iache darubini. Mtutu ukipata moto hurefuka, lakini bomba la risasi lililo chini yake na mti wa mbele (mbao ya kushikia chini ya mtutu) havirefuki sawa nao. Pete zinazovifunga pamoja zikibana mno, mtutu hujipinda.

Toa risasi zote, za bombani pia. Fungua pete, vua mti wa mbele, utafute alama za msuguano. Penye alama sugua mbao kwa msasa laini, kidogo kidogo, hadi karatasi ipite kati yake na mtutu. Chuma usikiguse. Skrubu ya pete iingie bila nyundo. Ikigoma, bomba limekaa upande. Kaza kwa kiasi tu (wengi huharibu hapa).

Unapojaribu, egemeza mti wa mbele, kamwe si mtutu, na bombani weka idadi ileile ya risasi kila mara, kwani uzito wake nao huhamisha mahali risasi inapopiga.