Harrier inanimalizia mshahara kwa mafuta. Niiuze?

*Shikamoo mama. Naishi Mbezi Mwisho, kazini ni Posta. Miezi mitatu iliyopita niliuza IST yangu, nikaongezea mkopo wa SACCOS, nikanunua Harrier ya mwaka 2006, cc 2400, kwa milioni 22. Aliyeniuzia alisema lita moja inakwenda kilomita 11. Naweka mafuta ya 50,000, siku ya pili jioni taa imeshawaka. Mume wangu alinikataza kuinunua. Sasa nikigusia mafuta ananyamaza tu, na ule ukimya unaniumiza kuliko angenigombeza. Fundi mmoja anataka atoe masega kwenye ekzosi, mwingine ananiuzia sumaku ya kufunga kwenye mpira wa mafuta. Dalali anasema atanipa milioni 18 leo leo. Niiuze?*
*Mama Wawili, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu, na pole. Usiiuze wiki hii, masega (kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi) yasiguswe, na hiyo sumaku mrudishie mwenyewe. Umelemewa na mambo mawili yaliyochanganyika: gari ambalo kwa asili linakula mafuta kuliko IST, na uwezekano mkubwa kwamba gari hilohilo linaumwa. La kwanza haliponi. La pili linapona, mara nyingi kwa pesa ndogo kuliko unavyoogopa. Kabla hujayatenganisha, kila uamuzi utakaofanya utakuwa wa hasira.

Tuanze na zile kilomita 11. Huenda muuzaji hakuzitunga. Karatasi za Kijapani za Harrier ya cc 2400 zinazungukia hapohapo, lakini zinatokana na kipimo kilichoitwa 10-15: gari linapimwa juu ya mashine ndani ya jengo, injini imeshapata moto, AC imezimwa, na kasi haivuki kilomita 70 kwa saa. Wajapani wenyewe waliona kinayapendelea mno magari, na kuanzia mwaka 2011 kipimo cha JC08 kikaanza kushika nafasi yake. Barabara ya Morogoro saa kumi na mbili asubuhi, AC inapuliza, haimo katika kipimo chochote kati ya hivyo. Harrier nzima ya injini yako, katika foleni za Dar, itakupa kilomita 7 mpaka 8 kwa lita. Barabara kuu kwa mwendo wa 80 inafika 10, hata 11.

Sababu ni uzito na kusimama. IST ina kilo kama 1,000, Harrier inavuka 1,500. Kila ukiondoka kwenye taa unausukuma uzito wote huo, halafu mita hamsini mbele unakanyaga breki na nguvu yote inaishia kuwa joto kwenye diski. Ukisimama tu, injini ya cc 2400 inachoma karibu lita moja kwa saa, na AC ikiwaka inachoma zaidi. Kama kwenda na kurudi unasimama jumla ya saa moja na nusu, karibu lita mbili zimeondoka bila gari kusogea. Ndiyo maana kutoka nusu saa mapema kunaokoa mafuta kuliko dawa yoyote ya kumimina kwenye tangi.

Sasa pata namba ya kweli. "Elfu hamsini siku mbili" ni kilio halali, lakini kipimo si hicho. Sindano ya mafuta haishuki sawasawa, na taa huwaka tangi likiwa bado na lita kadhaa. Nenda kituo kimoja, pampu ileile. Jaza hadi pampu ijikate yenyewe, na mhudumu asiongeze baada ya hapo. Rudisha tripu kwenye sifuri. Tembea kama kawaida hadi tangi lifike nusu, rudi palepale, jaza hadi ijikate. Lita zimeandikwa kwenye risiti ya EFD. Gawa kilomita kwa lita: kilomita 198 kwa lita 33 ni 6. Rudia mara tatu, maana jazo moja linaweza kukudanganya. Siku moja pia linganisha kilomita 20 za dashibodi na za ramani ya simu. Kama mwenye gari wa zamani aliweka matairi makubwa kuliko ya asili, dashibodi inakuhesabia pungufu na gari linaonekana mlafi kuliko lilivyo.

Halafu fanya jaribio moja ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Jumapili alfajiri jaza tangi hapo Mbezi, nenda Chalinze kwa mwendo wa 80 usiobadilika pale barabara inaporuhusu, rudi, jaza tena pampu ileile. Ukipata 10 au zaidi, injini ni nzima na mlaji wako ni foleni. Ukipata 8 kushuka chini, gari linaumwa, nenda gereji.

Ukiwa njiani angalia sindano ya joto. Kwenye Toyota, injini ikishapata moto, inatulia chini kidogo ya katikati na haisogei. Ikishuka unapokimbia na kupanda ukiingia foleni, ninashuku thamostati, ule mlango mdogo wa maji ya kupoza injini, imetolewa. Huu ni ugonjwa wa gereji zetu. Gari likichemka mara moja, fundi anang'oa thamostati, anasema "huku kwetu joto, haina kazi". Kazi inayo. Hubaki imefunga mpaka maji yafike nyuzi 82 hivi, ili injini ipate moto haraka. Bila hiyo injini inakaa ya baridi, kompyuta ya gari inaamini limewashwa sasa hivi, inaendelea kumwaga mafuta ya kuwashia. Thamostati ni kifaa cha bei ndogo. Irudishwe, na wakati huohuo wamwage maji ya bomba, waweke kuulanti, maji maalumu ya kupoza injini.

Kwa fundi umeme usiseme "gari linakula mafuta", kwa sababu atabadilisha kila kitu kwa kubahatisha. Mwombe achomeke mashine ya kusoma kompyuta ya gari, injini ikiwa ya moto, akuonyeshe vitu viwili kwenye skrini: joto la maji, na namba iliyoandikwa LTFT. Hiyo ya pili ni marekebisho ambayo kompyuta imezoea kufanya kwenye mafuta. Ikiwa kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10, mchanganyiko haujambo. Ikitoa sana, kwa mfano kutoa 18, mafuta yanaingia mengi kuliko yanavyotakiwa na kompyuta inahangaika kuyapunguza: nozeli inayopulizia mafuta kwenye injini inavuja au sensa inadanganya. Ikijumlisha sana, kuna hewa inaingia kwa wizi, au sensa ya hewa imejaa vumbi. Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, bila kuigusa kwa kidole wala kitambaa.

Kuwa macho na sensa ya mbele ya ekzosi. Injini hii inatumia sensa ya aina ya A/F, yaani ya uwiano wa hewa na mafuta. Kwa macho inafanana na sensa ya kawaida ya oksijeni, lakini hazibadilishani, na madukani huuzwa kwa kuchanganywa. Nenda na namba ya kifaa iliyosomwa kwenye ile ya zamani.

Plagi azitoe zote nne uzione. Rangi ya kahawia hafifu ni salama, masizi makavu ni mafuta mengi, na oili maana yake injini inachoma oili. Za iridiamu hudumu karibu kilomita 100,000, lakini za bandia zimejaa mjini, kwa hiyo nunua duka linalokupa risiti. Filta ya hewa ikiwa nyeusi, badilisha. Upepo wa matairi pima asubuhi yakiwa ya baridi, ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisha ainuliwe gurudumu moja moja na kuzungushwa kwa mkono: likiwa zito, kalipa (kifaa kinachobana breki) imeng'ang'ania na umekuwa ukiendesha huku breki imeshikwa.

Jambo la oili nalitilia mkazo. Injini yako, 2AZ-FE, inafahamika kwa ringi za pistoni zinazoziba na kuanza kuchoma oili, hasa zilizotengenezwa miaka hiyo ya kuanzia 2006. Baadhi ya wauzaji humwaga oili nzito ya 20W-50 ili moshi usionekane, na oili nzito inaongeza ulaji wa mafuta. Weka 5W-30 iliyo nyepesi, upime kwa kijiti kila wiki. Ikipungua lita nzima kabla ya kilomita 2,000, ringi zimechoka. Hapo ushauri wangu wa kuuza unabadilika, maana kazi hiyo ni ya kufungua injini.

Kuhusu masega, nakuomba usikubali hata akisema ni bure. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na yana wanunuzi. Faida ni ya fundi. Wewe utabaki na harufu, kelele na taa ya injini. Yanatolewa pale tu yalipoziba kweli, gari likikosa nguvu mlimani, na hata hapo unaweka mengine. Sumaku haina kazi yoyote kwenye petroli.

Tuje kwenye pesa. Nachukulia kilomita 50 kwa siku, siku 26, jumla 1,300 kwa mwezi, na lita kwa 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei ya EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kwa kilomita 6 kwa lita unalipa kama 650,000. Harrier ikipona ikafika 7.5, ni 520,000. IST ya kilomita 12 ni 325,000. Kwa hiyo matengenezo yanaweza kukurudishia 130,000 kila mwezi. Kurudi kwenye IST kunaokoa 195,000 zaidi, lakini dalali anakukata milioni 4 siku ya kwanza. Gawa milioni 4 kwa 195,000: miezi 20 na ushee kabla hujafidia hasara, na bado hujalipia kuhamisha umiliki. Zile utakazobaki nazo mkononi baada ya kununua IST usizihesabu kama faida. Ni mtaji wako, tena sehemu yake ni deni la SACCOS.

Kama umebakiza miaka mitatu ya kwenda Posta kila siku, gesi asilia inastahili kufikiriwa. Chuo cha teknolojia cha DIT na karakana nyingine Dar wanafunga mfumo huo, na kilo moja ya gesi ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli kwa bei ya chini. Mtungi utakula sehemu ya buti, na foleni za kujazia zipo. Lakini tibu gari kwanza, kwa sababu plagi mbovu na thamostati iliyotolewa vitakusumbua kwenye gesi vilevile.

Mume wako usimwendee na ombi la mafuta. Mwendee na daftari: kilomita, lita, hesabu za hapo juu. Mwambie wazi, "Ulinionya, nami sikupima vizuri. Hiki ndicho gari linachokula, hiki ndicho kinachotibika, naomba tuamue pamoja." Mwombe aendeshe yeye siku ya Chalinze. Mtu aliyeshika usukani na kusoma risiti mwenyewe atakuwa na la kusema, na ukimya huo utavunjika kwa jambo lenye maana.

Mkiamua kuuza, uza baada ya matibabu, pamoja na risiti zake, kwa mtumiaji mwenyewe na si dalali mwenye haraka. Mnunuzi mwambie kilomita ulizopima, za mjini na za Chalinze. Na usikabidhi funguo kabla umiliki haujahamishwa TRA, maana faini za barabarani huifuata namba ya gari, na namba hiyo bado ni yako.