Uliza Bibi: Nirudi Konde, nilale hotelini au kwa mama?

Assalaam alaykum Bibi. Mimi mzaliwa wa Konde, Pemba, nimeolewa Maskati, huu mwaka wa 19. Miaka yote hiyo nimerudi mara moja tu, siku tatu, baba alipofariki, na nilikuta keshazikwa. Mwaka huu, Mungu akipenda, tumepata wiki mbili: mimi, mume wangu na wanangu wawili wa kiume, wa miaka 14 na 11. Kiswahili wanakifahamu, lakini ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiarabu. Mama ana miaka 78 na magoti yanamsumbua. Hamu yangu ya kwanza ni yeye. Lakini nina hamu nyingine ambazo nikizisema huku nachekwa: msitu wa Ngezi, pwani ya Vumawimbi, harufu ya karafuu zikianikwa. Mume wangu anataka tulale hotelini ufukweni, kwa mama tuwe tunakwenda mchana. Kaka yangu naye kaniandikia orodha ya jamaa wa kutembelewa, nyumba 31, kila nyumba na zawadi yake. Kwa mpango huo Ngezi nitaiona dirishani mwa gari. Nifanyeje? Na niende mwezi gani?
Mtoto wa Konde, Maskati

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nianze na hoteli, maana hapo nilianguka mwenyewe. Mimi wa Wete. Nilikaa Dubai miaka 11 nikishona nguo, na niliporudi mara ya kwanza nilijiona mgeni wa maana, nikachukua chumba chenye kiyoyozi na kuangalia bahari. Siku ya pili mama yangu akaja kwa daladala, kapu mkononi, ndani bakuli la pweza wa nazi limefungwa kwa kitambaa. Mlinzi wa getini akamwambia asubiri kwenye benchi, chakula cha nje hakiingii. Niliposhuka nikamkuta kakaa ncha kabisa ya lile benchi, kama mgonjwa anayengoja kuitwa jina. Hakulalamika. Alisema tu, "Pweza kapoa, lakini utampasha." Nilihama siku ileile, na mpaka leo pweza wa nazi akiwekwa mezani mimi ndiye wa mwisho kunyoosha mkono.

Basi usinitazamie nikupimie faida za huku na za kule. Lala kwa mama.

Mume wako hana kosa. Hiyo nyumba hajailala, na mtu mzima hupenda kujua choo kiko wapi kabla usiku haujaingia. Fanya hivi: fedha za usiku nane za hoteli mtumie kaka yako mwezi mmoja kabla. Atengeneze choo, anunue tangi la maji, vyandarua vipya na feni mbili. Nyinyi mkiondoka, mama atabaki navyo. Usiku mbili za mwisho nendeni huko ufukweni anakotaka mume wako, na mama mumchukue, naye awe na chumba chake. Mwulize kwanza kama anataka. Wengine hawataki, wanaona kitanda cha hoteli kina baridi ya maiti. (Hayo maneno ya shangazi yangu, si yangu.) Kabla ya safari wapeleke watoto kwa daktari muulize habari ya dawa za malaria. Malaria Zanzibar imepungua sana, lakini damu ya mtoto wa Maskati haijaijua.

Mwezi gani? Wanao wana likizo ndefu ya kiangazi, basi njoo nao mwisho wa Julai au Agosti. Huku ni kipupwe, mvua za masika zimeshapita, usiku unajifunika shuka. Huko kwenu jua linachoma hata kivuli. Bahari ndiyo itakayokusumbua, kwa sababu kusi linavuma na boti ya kutoka Unguja huyumba. Ukiwa na uwezo panda ndege mpaka Chake Chake.

Na ndio wakati karafuu zinaanza. Usitegemee kila mwaka ni neema: mkarafuu una mwaka wa kubeba na mwaka wa kupumzika, mzao mkubwa huja kila baada ya miaka mitatu au minne. Hata mwaka mdogo lakini hutakosa majamvi yaliyoanikwa kando ya barabara. Karafuu zikiingia juani ni za kijani na wekundu kidogo, siku ya nne au ya tano zishakuwa rangi ya kahawa, na harufu inakuingia mpaka kwenye mtandio. Hiyo ndiyo unayoililia.

Ila mimi, kama ningekuwa wewe, mandhari ya mchana ningewaachia wenye kamera. Ningengoja usiku. Kaka yako akiwa bado ana mikarafuu, au hata jirani, karafuu zilizochumwa mchana lazima zichambuliwe kabla hazijalala sana: vichwa huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Kazi hiyo hufanywa kwa kukaa chini, mduara, taa katikati, na kila aliye nyumbani ana fungu lake. Mama mwenye magoti mabovu anaiweza kuliko wote, kwani inataka vidole tu. Waweke wanao mmoja kulia kwake na mmoja kushoto. Usiwaambie "semeni Kiswahili." Bibi yao atauliza pishi imefika ngapi, mjomba wao atawatania kuwa wanachambua kama wanaogopa kuumwa, binamu zao watashindana nao. Mtoto wa miaka 11 akitaniwa hatafuti lugha ya kujibia, hujibu kwa iliyo karibu. Kupanda mti wasipande. Mikarafuu ya Pemba mingine mirefu kama minara, na wanaoanguka huwa ni watu waliozaliwa chini yake.

Waambie pia kwa nini karafuu ziko kwenu. Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo sisi ndio wenye shamba. Wanao kwa upande mmoja ni Waomani. Basi wajue kuwa mali iliyojenga nyumba nyingi za Maskati na za Mji Mkongwe ilichambuliwa kwa vidole vya watu wa kwetu, na wengi wao zamani hizo walikuwa watumwa. Hilo msiliruke.

Sasa Ngezi. Umeniandikia kwa uchungu kwamba utaiona dirishani mwa gari. Mbona hiyo ndiyo njia nzuri? Barabara ya kutoka Konde kwenda Makangale inapita katikati ya msitu wenyewe. Mkalishe mama kiti cha mbele, dereva aende polepole, vioo chini. Yeye ndiye aliyekwenda humo kuni na dawa kabla hujazaliwa; atawatajia miti ambayo kibao cha pale getini hakina. Mwambie awaonyeshe mpapindi, ule mnazi-mwitu mwembamba wenye pete shinani, ambao asili yake ni kisiwa hiki. Kisha mama abaki na kaka yako getini, nyinyi wanne mlipe kiingilio na mwingie na mwongoza njia, kwa miguu. Sikilizeni ninga, njiwa wetu wa kijani. Mkiona kima mwekundu mwenye nywele za kusimama, huyo ni kima punju, mgeni kama mume wako: waliletwa wachache kutoka msitu wa Jozani, Unguja, miaka ya 1970 wakazoea.

Kisha kuna popo wetu wa Pemba. Ulipokuwa mdogo walikuwa karibu kwisha, maana watu waliwawinda wakawala. Leo wamezidi 20,000, baada ya wanavijiji wenyewe kuamua kuwalinda. Kule Kidike, ukitoka Chake kwenda Wete, utawakuta mchana wamening'inia kama miavuli iliyokunjwa. Akikunjua mabawa, mmoja anafika karibu mita moja na nusu. Mtoto wako wa miaka 14 anaweza kujifanya hashangai. Mwache.

Vumawimbi iko mbele kidogo ya msitu, siku hiyohiyo. Chukueni mkeka, chai ya chupa na mkate wa kumimina, muweke mama kivulini.

Imebaki ile orodha ya kaka yako. Mwanangu, nyumba 31 kwa siku 14 si ziara, ni sensa. Baba yako hukumzika. Basi wiki ya kwanza, Alhamisi au Ijumaa, msomee hitma nyumbani, pika pilau, alika wote 31 waje. Kila mtu atakuona, utamwona, na dua itasomwa na wewe ukiwepo, jambo ambalo mara ile lilikupita. Asubuhi yake nenda kaburini na wanao kwanza. Baada ya hapo watembelee wale tu wasioweza kutoka kitandani, na khaloo yako mkubwa, ndugu wa mama, kama yuko hai, maana huyo asipotembelewa utazisikia habari zake mpaka Maskati. Zawadi ni halua, tende na ubani wa Dhofar, mafungu sawasawa, basi. Manukato ya chupa usilete. Utampa huyu na yule atanuna.

Na mama umletee kitu kimoja cha kwake peke yake. Usiniulize nini. Mpigie simu leo, mzungumze mengine, na atakitaja bila kujua.

Bibi, natoka Toronto Agosti. Nataka kurudi na kilo chache za karafuu za shamba la babu, na miche miwili. Inawezekana?
Mjukuu wa Mkoani

Karafuu za shambani mnunuzi wake Zanzibar ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake. Kuzipitisha kimyakimya kwenye begi ni magendo, na bandarini watu wa kazi hiyo wana pua. Nunua za pakiti dukani, uweke risiti. Miche iache: udongo hauingii Kanada, na mkarafuu hata ukiingia hautauona mwezi wa Machi. Ipande palepale shambani kwa babu, umlipe mtu aimwagilie mpaka ishike. Itaanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, basi kata tikiti mapema. Na kama unaingia kwa pasipoti ya Kanada, lipa bima ya Zanzibar mtandaoni kabla hujapanda ndege, dola 44 kwa mtu mzima, sheria ya tangu Oktoba 2024. Wewe wa Maskati, wanao na baba yao wakiwa na pasipoti ya Oman, hili linawahusu pia.