Picha haijamalizika: umwoneshe nani, na lini

Bibi yangu wa Limbani, Wete, kule Pemba, hasuki ukili chumbani. Husuka barazani baada ya Alasiri, miguu kainyosha, ukindu wa rangi umeloa maji pembeni, na ukili uliokwisha umejiviringa pajani. Kila apitaye anauona ukiwa bado haujawa mkeka. Jirani akisimama huuvuta kidogo, akaupitisha vidoleni: "Hapa umeruka, bi mkubwa." Bibi hufumua, akasuka tena, na mazungumzo ya bei ya karafuu yakaendelea palepale. Hapana aliyeona haya.

Mie mjukuu wake, ninayejiita mchoraji, nilipohamia Unguja nilifanya kinyume chake. Chumba changu cha Kikwajuni akiingia mgeni naigeuza picha itazame ukuta. Ilifika siku nikahesabu picha kumi na moja zinazotazama ukuta, na hata moja haikuwa imekwisha. Nilimpigia bibi kumlalamikia kwamba moyo wa kazi umenitoka. Akacheka, akanambia mficha uchi hazai, kisha akaniuliza kama nimekula.

Basi nikajitia ujasiri. Nikapiga picha ya kazi moja iliyofika nusu, bibi kizee anashona kofia ya vito chini ya mlango wa nakshi, uso wake bado ni doa la rangi ya udongo. Nikaiweka kwenye status ya WhatsApp na Instagram. Mashallah zikamiminika, mioyo, "dada una kipaji", "nitaichukua hiyo". Hadi Isha nilikuwa nimeshiba sifa. Ndiyo iliyoniponza shibe ile, maana sikuwa na njaa tena ya kuimaliza. Yule bi kizee hadi leo hana uso.

Tangu hapo sioneshi umati kazi changa. Naonesha watu watatu. Mmoja ni mchoraji mwenzangu ambaye ulimi wake mkali lakini mkono wake naujua. Wa pili ni fundi wa kuchonga milango. Yeye rangi hazimhusu, ila akiona mnyororo wa nakshi nimeuchora ukikatika pembeni hukasirika kama nimemkatia wake. Wa tatu ni shoga yangu anayeuza urojo, hajui sanaa, na simwelezi kitu. Nasubiri tu aseme jicho lake limetua wapi mwanzo. Akitaja pembe ambayo mie sikuikusudia, najua nina kazi ya kufanya.

Na usimwulize mtu "unaionaje?" Swali hilo huzaa "nzuri" au huzaa rai ya mtu anayetaka kuonekana anajua. Mwenye duka mmoja alinambia niongeze machweo nyuma, wageni wanapenda machweo. Nikaongeza. Picha ilikuwa ya asubuhi, kivuli chote kilikuwa cha asubuhi, mie nikaitundikia jua la magharibi. Haikununuliwa, na kuifuta rangi ile nilitumia siku tatu. Sasa nauliza kitu kimoja kinachojibika: mkono huu unaonekana umeshika, au umegusa tu? Ukuta huu uko mbele au nyuma? Mtu akijibu nje ya swali nashukuru, naliweka kando.

Kama bado unaona haya, katembee Mji Mkongwe asubuhi. Utawakuta wachoraji wa mtindo wa tingatinga wamekaa vizingitini mwa maduka, mbele yao picha tano au sita zimepakwa rangi ya nyuma tu, njano inaingia kwenye wekundu, mnyama hata mmoja hakuna. Rangi ile ya mafuta haitaki pupa, lazima ikauke ndipo tembo apandishwe juu yake, na madoa huja mwisho kabisa. Watalii wanapita, wanaziona ziko uchi, na hakuna anayekimbilia kuzifunika. Tingatinga mwenyewe, Edward Saidi, alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, alikuwa akichora chini ya mbuyu kule Oyster Bay, kwa rangi za kupakia baiskeli. Vijana waliokaa naye walijifunza kwa kuitazama kazi ikitengenezwa. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo haukuzikwa naye. Nadhani lau angekuwa anafunga mlango kama mie, ungezikwa.

Sasa, wizi. Najua ndilo mnaloniuliza sana. Ndiyo, umenikuta. Niliwahi kuonesha mchoro mzima, na baada ya muda nikaukuta mwenzake unaning'inia kichochoroni, samaki wangu wa mlangoni wamekwenda upande uleule. Nililia, sisemi uongo. Siku hizi naonesha kipande: mkono, ukingo wa kanga, kona ya mlango. Kila hatua naipiga picha kwa mwanga wa asubuhi dirishani, bila fleshi maana rangi mbichi hung'aa, na nazihifadhi na tarehe zake. Hapa kwetu kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na kuna COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar; siku ukihitaji kusema "hii yangu", mfululizo wa picha hizo unasema vizuri kuliko wewe.

Kuhusu moyo wa kazi, mie nimeacha kuungoja. Nimejifunza kwa kina mama wa mwani, Paje na Jambiani. Maji ya bamvua yakipwa mbali huingia shambani, kupanda na kuvuna. Yakija maji mafu, bahari haiwapi nafasi, lakini hawakai bure: wako nyumbani wanatengeneza kamba. Nami nina kazi zangu za maji mafu. Siku mkono haushiki brashi nawamba kitambaa cha marekani kwenye fremu, napaka rangi nyeupe ya kwanza, nasugua kwa msasa, naosha brashi ambazo ningeona haya kuwaonesheni. Sijilazimishi kuchora. Mara nyingi, nikiwa na msasa mkononi, huanza kuona kile kitambaa kinataka nini. Masika, wageni wanapoondoka na maduka mengi kufungwa, nina wiki nzima za namna hii, na kwa kweli ndizo zinazonilisha mwaka uliobaki.

Jengine dogo: usifunge kazi ya siku pale ulipokwama. Acha pale unapojua kesho utaanza na nini, hata kama ni kidole kimoja.

Wiki iliyopita nilianza picha ya bibi na ukili wake. Miguu bado, kilemba bado, mikono ndiyo iliyosimama kidogo. Nikamtumia binamu yangu wa Wete amwoneshe bibi kwenye simu, na swali langu nikaliandika: je, mikono hii inasuka? Jibu likaja kwa sauti, kuku wanalia nyuma, bibi anapaza kana kwamba anivukishie bahari:

"Inasuka, mjukuu wangu, inasuka. Lakini tazama chini ya kidole gumba. Hapa umeruka."

Nimetazama. Kweli nimeruka. Kesho baada ya Alfajiri naanzia hapo.