Kabla hujalipeleka gari kuukuu Likoni Road

Toyota NZE yangu ni ya mwaka 2003, na kabla haijawa gari la nyumbani ilibeba abiria. Gari la abiria hukaguliwa kila mwaka, kwa hiyo nimepiga foleni Likoni Road, Industrial Area, Nairobi, kwenye kituo cha ukaguzi cha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nimepita, nimeanguka, nimerudi. Rafiki zangu wanaponunua magari ya zamani hunipigia simu na swali lao huwa moja: "Lina stika ya ukaguzi?" Mimi huwauliza kwanza breki ya mkono inashika mlimani au haishiki.

Sheria ya trafiki inataka gari lililopita miaka 4 tangu litengenezwe likaguliwe. Kenya inaruhusu kuingizwa magari yasiyozidi miaka 8, na mengi yanayoshuka Mombasa yamekaribia kikomo hicho. Basi karibu kila mtumba umeshapita ile miaka 4 hata kabla haujafika Mariakani. Kwa hiyo hili si jambo la wenye matatu peke yao.

Jua kwanza laini ya ukaguzi inapima nini. Inapima nguvu ya breki kwa kila gurudumu, mwelekeo wa magurudumu ya mbele, shokapu, taa, moshi, na kile ambacho mkaguzi anakiona akiwa chini ya gari. Giaboksi haipimwi. Hakuna anayekuambia kwamba injini inakula oili kidogo kidogo au kwamba gasketi ya silinda hedi imeanza kuchoka. Gari linaweza kupita leo asubuhi na kuchemka Jumamosi ukipanda kutoka Mai Mahiu, na mkaguzi asiwe amekosea chochote.

Wapo pia wanaoazima tairi kwa siku ya ukaguzi, wakirudi nyumbani wanazirudisha kwa mwenyewe. Stika ya gari kama hilo inahusu tairi za mtu mwingine.

Sasa tuje kwa yale yanayoangusha magari ya umri huu. Breki ndizo za kwanza, tena mara nyingi za nyuma. NZE nyingi na ndugu zake wa enzi hizo wana breki za diski mbele na za dramu nyuma. Dramu hujaa vumbi la shuu, vile vipande vinavyobana ndani yake, kile kidude cha kujirekebisha ndani yake hushika kutu, na kebo ya breki ya mkono hulegea. Ukiwa barabarani hutahisi, maana breki za mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mashine yenye rola haidanganyiki hivyo: inasoma kushoto peke yake na kulia peke yake, na tofauti ikizidi umeanguka, hata kama gari linasimama vizuri tu ukiwa Jogoo Road.

Kuna kipimo cha nyumbani ambacho hakina gharama. Endesha mwendo wa kawaida kama robo saa, simama bila kukanyaga breki kwa nguvu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu. Usiishike, itakuchoma. Rimu moja ikiwa moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, huko breki haiachii, na mara nyingi ni pini za kalipa, kile kifaa kinachobana diski, zilizokauka grisi. Hiyo ni kazi ya kusafisha na kupaka grisi, lakini fundi mmoja niliyempelekea aliniambia, "Bosi, hapa ni kalipa mpya tu." Nilimshukuru nikaondoka. Fundi wa pili alizifungua, akazisugua, akazipaka, na gari likapita.

Pia sawazisha upepo wa tairi kabla ya kwenda. Tairi ya kushoto ikiwa na upepo mchache kuliko ya kulia, hata breki nzima zinaweza kutoa namba mbaya. Hapa ndipo watu husema mashine inabahatisha. Siwalaumu, nimewahi kuona gari lile lile likitoa namba tofauti asubuhi na alasiri. Lakini breki iliyo kwenye ukingo wa kupita na kuanguka ndiyo inayoyumba hivyo. Iliyo nzima hupita saa yoyote.

Chini ya gari, matuta na mashimo yetu hayana huruma. Anayeishi Utawala au Ruai ambako sehemu fulani bado ni murramu anajua. Bushi za loweramu, ile mipira ya mikono ya chini inayoshika magurudumu, hupasuka, stebilaiza linki za kuzuia gari kulala upande huanza kugonga, na bolijointi pamoja na tairodi endi, viungo vya gurudumu na usukani, hulegea. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka na stendi, halafu lishike juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza kushoto na kulia tu, shuku tairodi. Likicheza juu na chini, ni bolijointi au beringi; mwambie mtu akanyage breki, na kama kule kucheza kumeisha, basi ni beringi. Ukijua hilo kabla ya kufika gereji, bei huwa na adabu zaidi.

Halafu fuata mpangilio: badilisha vilivyolegea kwanza, alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, baadaye. Ukianza na alaimenti juu ya bushi zilizochoka umemwaga pesa, kwa sababu gurudumu litarudi lilikokuwa ukivuka matuta mawili.

Kuhusu spea, Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, utapata karibu kila kitu cha magari haya. Bodi, vioo, taa na milango ya ex-Japan, yaani mitumba kutoka Japani, sina neno. Lakini bolijointi, bushi na vipande vya breki nanunua vipya. Kipande cha mpira kilichokaa kwenye gari jingine miaka 15 kimeshazeeka hata kikipakwa kipolishi.

Taa ni aibu zaidi kuliko hasara. Ile plastiki ya mbele huwa ya manjano kwa jua, mwanga ukafifia. Kuisugua na kuing'arisha kunatosha mara nyingi. Balbu nyeupe kali za kubandika tu kwenye taa iliyotengenezewa halojeni ni tatizo jingine: mwanga unatawanyika, unampofusha anayekuja, na kipimo cha taa kinaukataa. Na tafadhali, ile taa ndogo ya namba pleti ya nyuma. Hakuna anayeikumbuka.

Tairi zina umri ulioandikwa ubavuni. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye meno mazuri inaweza kuwa na umri wa mtoto wa darasa la sita.

Moshi una rangi zake. Wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na mweupe usioisha huku maji ya rejeta yakipungua ni habari mbaya. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo magari ya kabureta yaliyotiwa tuni pwani hutoa moshi mweusi yakifika huku. Injini za kisasa hujirekebisha zenyewe. Fika ukiwa na injini iliyopata moto vizuri, kwa kuwa katalaiza, kile kifaa cha ekzosi cha kusafisha moshi, ikiwa baridi haisafishi kitu. Kama katalaiza yenyewe iling'olewa ikauzwa, na hilo si jambo geni hapa mjini kwa sababu ya madini ya thamani yaliyomo, moto wa injini hautakusaidia.

Jambo moja huwashtua wengi: namba ya injini. Magari mengi ya zamani yamebadilishwa injini, na mwenye gari wa wakati huo hakupeleka habari kokote. Namba ya injini na ya chesisi lazima zilingane na kumbukumbu za NTSA. Zisipolingana, hakuna fundi wa kukusaidia. Ni safari ya karatasi. Ukinunua gari, soma namba hizo mwenyewe kwa tochi kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Miadi huwekwa na kulipiwa kwa mtandao kupitia eCitizen. Popote palipo na foleni Nairobi pana broka, mpite. Beba pembetatu mbili na kizima moto, hakikisha mikanda yote inafunga, hata ile ya nyuma katikati iliyozama chini ya kiti.

Ukianguka, usiikunje ile karatasi ya matokeo. Ipeleke kwa fundi kama ilivyo, mwambie atengeneze kilichoandikwa humo na asiongeze chochote bila kukuonyesha. Na ukienda kununua gari la mtu, mwombe karatasi za ukaguzi wa miaka ya nyuma pamoja na risiti za spea. Akikosa hata moja, gari na lipande jeki mbele yako kabla hamjazungumza bei.