Muhtasari haubadilishwi, lakini azimio la kazi ni lako

Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unataka mwanafunzi aoneshe umahiri, yaani afanye jambo na lionekane. Umahiri mkuu na umahiri mahususi umeshapangwa kwenye muhtasari wa somo na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na mwalimu hana ruhusa ya kuupunguza wala kuuongeza. Nafasi yake ya kubuni ipo kwenye azimio la kazi, yaani mpango wake wa kufundisha: wiki, mbinu, zana na namna ya kupima. Hapo ndipo walimu wengi hupoteza nafasi hiyo kwa kunakili azimio lililozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Azimio la kunakili linaweza kukuwekea shughuli za mvua mwezi Julai, na Dar es Salaam Julai ni kiangazi. Watoto wataishia kuchora mawingu ya kitabuni.

Anzeni na kikao kimoja cha walimu wa darasa moja. MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) imeshaweka utaratibu wa jumuiya za ujifunzaji shuleni, kwa hiyo msitafute siku nyingine. Wekeni maazimio ya Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, na Kiswahili pamoja juu ya meza moja, mtafute panapokutana. Msilazimishe masomo yote. Mawili yanayokutana kwelikweli yana faida kuliko matano yaliyounganishwa kwa maneno tu, maana mtoto hugundua haraka.

Mfano unaofaa jiji hili ni mvua. Masika huwa Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Kwa Darasa la Tano vuli inafaa sana, kwa sababu darasa hilo halina mtihani wa taifa. Mkichagua masika, angalieni kalenda ya mihula kwanza, kwani likizo fupi huweza kukata vipimo katikati.

Kipima mvua hutengenezwa kwa chupa tupu ya maji ya lita 1.5. Tafuta yenye ubavu ulionyooka. Yenye kiuno hutoa kipimo cha uongo, kwa sababu upana wa mdomo na wa tumbo haulingani. Kata mabega yanapoishia, geuza kipande cha juu kiwe faneli ndani ya chupa, ukingo wake ulingane na ukingo wa chupa. Weka kokoto chini ili upepo usiipindue, kisha mimina maji hadi yafunike kokoto na mabonde yote ya kitako. Chora mstari usawa wa maji hayo: hiyo ndiyo sifuri. Bandika rula ya plastiki kwa seloteipu kuanzia hapo. Anayeanzia sifuri kwenye kitako kabisa atapata namba zisizo na maana, na hili ndilo kosa linalotokea zaidi.

Chupa ikae kwenye ndoo ya mchanga, mahali pa wazi. Ikiwa mwembe una urefu wa meta 6, kaa umbali wa meta 12 au zaidi. Karibu na paa usiweke kabisa. Someni kila siku ya shule saa 3 asubuhi, macho yakiwa usawa wa maji, kisha rudisheni maji kwenye sifuri. Jua likiyapunguza chini ya mstari, ongezeni. Namba ya Jumatatu ni jumla ya siku 3, iandikwe hivyo hivyo, la sivyo grafu itaonesha Jumatatu ndiyo siku ya mvua kubwa.

Darasa la watoto 90 halihitaji chupa 90. Chupa 4 zinatosha, na makundi 15 ya watoto 6 yapokezane. Kila mtoto awe na kazi yenye jina: msomaji, mwandishi, mhakiki. Bila hivyo wawili watafanya na wanne watacheza.

Utamu uko kwenye Hisabati. Milimeta 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila meta ya mraba. Paa linalofunika meta 8 kwa 7 lina eneo la meta za mraba 56. Mvua ya milimeta 20 huliangushia lita 1,120. Waacheni watoto wageuze hizo kuwa ndoo za lita 20: ni ndoo 56. Mtoto anayechota maji kwa ndoo nyumbani hahitaji tafsiri ya namba hiyo. Wapime eneo la ardhi linalofunikwa na paa, wasipime mteremko wa bati. Kwenye Kiswahili waandike barua rasmi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuhusu mitaro iliyoziba, wakitumia namba zao wenyewe. Jiografia na Mazingira ifuate maji hadi bonde la Msimbazi na Jangwani.

Kupima kusibaki maswali ya kuchagua. Tumieni orodha hakiki yenye vigezo 4 tu: amesoma kipimo sawasawa, ameandika tarehe na kizio, amechora grafu yenye vipimo vilivyolingana, ameeleza kwa nini. Vigezo 10 kwa watoto 90 havijazwi na mtu. Kazi ziwekwe kwenye mkoba wa kazi, hata bahasha ya kaki inatosha.

Kwa rejea, maktaba mtandao ya TET ina vitabu vya kiada bila malipo. Kwa Historia ya Tanzania na Maadili, Kijiji cha Makumbusho barabara ya Bagamoyo kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Nendeni na dodoso la maswali 5, si zaidi, na barua za wazazi zikusanywe mapema. Soko la samaki la Feri ni zuri kwa vipimo na bei, ila msipeleke darasa zima asubuhi ya mnada. Ni rahisi zaidi kumwalika mchuuzi wa samaki aje shuleni na mizani yake.

Mwisho wa wiki jazeni safu ya maoni ya azimio la kazi kwa maneno yanayosaidia. "Somo limeeleweka" halimsaidii yeyote. Andikeni "vipindi 2 havikutosha kwa grafu, viwe 3", ili atakayelipokea darasa Januari aanzie hapo.