Mpe hadithi yenye mwisho

Dada, umeuliza kijana wako wa miaka 13 aanzie wapi na katuni za Kijapani za wavulana, maana Naruto imemchosha. Sishangai: kwenye televisheni ina vipindi 220, mwendelezo wake 500, na vingi ni vya kujazia tu, havimo kwenye vitabu vyenyewe. Mpe vitabu vya katuni vya Fullmetal Alchemist vya Hiromu Arakawa, mwanamke aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kule Hokkaido. Juzuu 27, basi imekwisha. Ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao. Mmoja anapoteza mguu, mdogo wake mwili mzima. Inauma kweli, kwa hiyo sura za mwanzo msome pamoja. Na mwambie husomwa kutoka kulia kwenda kushoto.